Anatoli na Taa Iliyobaki Ngazi ya Tatu

Nitamsema Anatoli mimi, maana wanaopaswa kumsema wamenyamaza. Ukifika pale mgodini ukauliza yule jamaa wa kompyuta alikwenda wapi, utaambiwa, "Ah, yule alikuwa na mambo yake." Mambo yapi? Hakuna atakayekwambia. Basi nasema mimi Kudra, Mama Mageni, niliyegawa taa kwenye mlango wa shimo kwa miaka tisa. Na ukinisikiliza mpaka mwisho utaona kwamba hata mimi sina uso wa kumlaumu mtu.

Mgodi wenyewe sitautaja. Uko huku kwetu Geita, si mkubwa wala si mdogo: shimo la ngazi nne, mtambo wa kusaga mawe, ofisi za makontena, na chumba kimoja cha zege ambamo dhahabu inakaa kabla ya kusafirishwa. Kile chumba cha zege kina kamera kumi na mbili. Choo cha wanawake hakina mlango mpaka leo.

Anatoli ni Msumbwa wa Ushirombo. Baba yake ni mkulima wa mahindi na pamba, tena katekista, watoto saba, na Anatoli ndiye wa kwanza kuvaa viatu vya kwenda chuo. Alisomea kompyuta Mwanza, diploma, halafu akakaa mtaani miaka mitatu pale Kambarage, Shinyanga mjini, kwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Ndiko alikomwoa Loveness. Alinisimulia mwenyewe kwamba siku barua ya ajira ya mgodini ilipofika, Loveness aliipeleka kanisani ikaombewa. Wenye kucheka wacheke. Mimi najua maana ya barua ile. Wadogo zake wawili waliingia sekondari kwa barua ile, na baba yake akaacha kukodi plau ya watu. Kazi hiyo ndiyo iliyowashika wote, na Anatoli alijua hivyo, alikuwa akiishika kwa mikono miwili.

Alikuwa mtu mgumu. Kontena lake la seva lilikuwa na ubaridi wa kukufanya utafute kanga ya pili, na huingii na viatu. Seva ni zile kompyuta kubwa zinazohifadhi kila kitu cha mgodi, kuanzia barua za mabosi mpaka mahudhurio yetu. Chini yake kulikuwa na UPS, mabetri ya akiba ya kuzishika umeme ukikatika, na ukutani kulikuwa na soketi nyekundu zilizounganishwa na mabetri hayo. Sasa umeme wa huku mnaujua. Ukikatika tu, mgodi mzima unakimbilia soketi za Anatoli na chaja mkononi, na mimi nikiwa mbele.

"Shikamoo, Mama Mageni," angesema.

"Marahaba, baba."

"Chomoa simu yako."

Hivyo hivyo, bila hata kupumua katikati. Tuligombana kwa ajili ya soketi hizo mpaka tukazoeana. Siku nyingine aliniacha nichaji nusu, kisha ananitoa. Wachimbaji walimpachika jina la Padri, kwa sababu ya ukimya wake na kwa sababu ya karatasi aliyobandika mlangoni, ambayo alitaka kila anayeingia aisome.

Karatasi hiyo haikuwa yake, ililetwa na mabosi. Ilikuwa na utaratibu wa kuzima seva wakati wa dharura. Anatoli alinieleza siku moja nilipomuuliza kwani kuzima kuna elimu gani, si unang'oa waya tu. Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Alisema seva ukiing'oa waya ikiwa katikati ya kuandika, kilichomo kinaharibika, na pengine hukipati tena. Kwa hiyo unaanza na zisizo muhimu, unaiambia kila moja izime, unangoja mpaka imalize, ndipo unakwenda kwa inayofuata. Na kadiri unavyozima ndivyo mabetri yanavyopata nguvu ya kuzishika zilizobaki. Zile muhimu zinazimwa mwisho.

"Na muhimu kuliko zote ni ipi?" nilimuuliza.

Akanionyesha kwa kidole. Mwisho kabisa wa karatasi: kamera za chumba cha dhahabu. Na juu kabisa, kundi la kwanza, za kuzimwa mapema pamoja na barua pepe: mahudhurio na taa za wachimbaji.

"Nimewaandikia mara mbili wabadilishe," alisema. "Hawajajibu."

Hapo inabidi nieleze habari ya kadi na taa, maana ndiyo iliyotumaliza. Kila mchimbaji ana kadi, anagonga getini akiingia na akitoka, na kwa kadi hiyo ndipo analipwa. Taa ni kitu kingine. Taa ya kofia naitoa mimi dirishani na kuipokea mimi, naandika kwenye daftari saa iliyorudi, na kila taa ina kidude ndani kinachosomwa na vifaa vilivyofungwa kwenye kuta za shimo. Kwa hiyo kwenye skrini ya Anatoli unaona taa namba fulani iko ngazi ya ngapi, upande gani. Vifaa vile vya chini vina betri zake, havitegemei umeme wa juu.

Lakini watu wetu. Zamu ikiisha, mmoja anachukua kadi za wenzake watatu, anawagongea getini, na mwenye kadi anabaki chini nusu saa akidokoa mawe yenye kung'aa ya kwenda kuuza kwa wanunuzi wa mtaani. Kila mtu alijua. Mlinzi wa geti alijua, nami nilijua, kwa sababu kadi inaweza kugongwa na mtu mwingine ila taa iko kichwani kwa mwenyewe. Sheria ilisema taa isiporudi ndani ya robo saa nipige filimbi. Miaka tisa sikuipiga. Wangeniletea mahindi ya kuchoma na sato, wananiita mayu, mama yao, nami napokea taa yao ikija kwa kuchelewa na kuandika saa waliyorudisha wenzao. Niliona huo ndio utu.

Siku yenyewe umeme wa gridi ulikatika asubuhi, tukawa kwenye jenereta. Zamu ya asubuhi ilitoka saa nane mchana. Abel, kijana wa Buseresere, alinirudishia taa yake akasema, "Mayu, Davis yuko nyuma." Nafasi ya taa ya Davis, namba mia na kumi na nne, ilikuwa tupu kwenye rafu. Nikaacha mstari wake wazi daftarini, nikachukua simu yangu na chaja, nikaenda kwa Anatoli.

Nilikuwa nimevua viatu tayari, simu iko kwenye soketi nyekundu, tulipoisikia jenereta ikikohoa na kuzima. Halafu harufu. Halafu watu wakaanza kukimbia, na dirishani tukaona moshi mweusi ukitoka banda la jenereta. UPS ikaanza kulia pii, pii. Anatoli aliichomoa simu yangu akanipa mkononi, akaketi.

Bosi Edson, meneja wa zamu, akaingia na viatu vyake. "Zima kama karatasi inavyosema. Watu wote wametoka, nimeona kadi. Kamera za dhahabu ziache mpaka mwisho kabisa, hapa sasa hivi kila mwizi anajua hakuna umeme."

"Kuna taa moja iko ngazi ya tatu," Anatoli alisema.

"Kadi zote zimetoka."

"Taa iko ngazi ya tatu, bosi."

"Mtu kaiangusha. Zima." Akatoka kwenda kwenye moto.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, miguu mitupu, nayaona yote. Kwenye skrini kulikuwa na kidoti kimoja cha kijani. Anatoli akageuka.

"Mama Mageni, mia na kumi na nne imerudi?"

Wallahi, nilitaka kusema imerudi. Ulimi ulishazoea. Ila umeme ukizima pampu zinazima, na pampu zikizima maji ya ngazi ya nne yanapanda ya tatu, hilo kila anayefanya kazi pale analijua. Nikasema, "Haijarudi. Ni ya Davis."

Akaangalia tena skrini. Kidoti kilisogea kidogo, kikaruka upande wa pili. "Taa iliyoanguka haitembei," alisema.

Mabetri yalikuwa na dakika ishirini na mbili kwa mzigo wote, aliyaona kwenye kioo cha UPS. Akafanya hesabu yake kichwani, midomo ikicheza. Zile mashine za kurekodi kamera za chumba cha dhahabu zilikuwa zinakula zaidi ya nusu ya umeme ule. Akifuata karatasi, seva ya taa ingezimwa kwanza na Davis angebaki gizani bila mtu kujua yuko wapi. Akiacha vyote vinawaka mpaka mwisho, dakika ishirini na mbili zingekwisha watu wakiwa bado wanashuka ngazi kwa miguu, maana lifti ilikuwa imekufa.

Nilimwona akijifuta mikono kwenye suruali. Akaanza kuzima. Barua pepe, ofisi, stoo. Kisha zile za kamera. Hakung'oa waya hata mmoja. Aliziambia zizime, akangoja kila moja imalize, nami nikisema moyoni, ng'oa baba, ng'oa tu. Akangoja. Ya mwisho ya kamera ilipozima, kioo cha UPS kikabadilika: dakika hamsini na moja. Seva ya taa ikabaki peke yake ndani ya kontena lile.

Akachukua redio ya mkononi akamwita Innocent wa kikosi cha uokoaji, kijana asiyeuliza maswali mengi. Innocent akashuka na mwenzake. Anatoli akawaongoza kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumbani kwao: ngazi ya tatu, maji yamefika magotini, hapana, hayupo kulia, amehama, ameingia njia ya zamani upande wa kushoto, ile iliyofungwa na mbao. Bila kile kidoti wangemtafuta kule alikokuwa akichimba, na hakuwepo huko. Alikuwa amekimbia maji akapotea.

Walimtoa saa tisa na robo. Alikuwa amevunjika vidole viwili, analia bila sauti, amelowa mpaka kifuani. Abel alipomwona alikaa chini kwenye udongo. Mimi nilimvua Davis ile taa kwa mikono yangu. Anatoli, alipoambiwa kwa redio kwamba mtu yuko juu, ndipo akaizima seva ya mwisho, kwa utaratibu uleule, akangoja, akazima na UPS. Nilimkuta amekaa kwenye kiti, anavaa viatu. Aliniambia, "Nenda nyumbani, Mama Mageni." Ndiyo ilikuwa furaha yetu, na haikufika hata jioni.

Kwa sababu Bosi Edson alikuwa amekwisha kujua kwamba chumba cha dhahabu kilikaa bila kamera kuanzia saa nane na nusu hadi umeme uliporudi. Dhahabu ilipimwa, ikapimwa tena. Haikupungua hata punje. Hilo halikumsaidia Anatoli. Walisema mtu hazimi kamera za dhahabu bure, lazima kulikuwa na mpango, bahati nzuri haukutimia.

Jibu lake lilikuwa rahisi: nilizima kwa sababu kulikuwa na mtu chini. Basi. Mtu mzima mwenye akili angemwachia hapo. Lakini jibu hilo lilikuwa na miba kwa kila mmoja wetu. Kama kulikuwa na mtu chini, basi mgodi ulimhesabu ametoka na kumbe hajatoka, na mkaguzi wa migodi angesikia, na shimo lingefungwa. Kama kulikuwa na mtu chini, Davis alibaki kuiba mawe. Abel aligonga kadi isiyo yake. Mlinzi wa geti alifumba macho. Na mimi sikupiga filimbi.

Edson alikuja dirishani kwangu siku mbili kabla ya kikao cha kumhoji Anatoli. Hakuja kwa ukali, angekuja kwa ukali pengine ningekuwa mtu, ningekataa. Aliniamkia vizuri, akauliza hali ya Mageni shuleni. Akalifungua daftari langu la taa, akaweka kidole.

"Mama Mageni, mstari huu uko wazi."

"Ndiyo, bosi."

"Mgodi ukifungwa, familia mia tatu zinakufa njaa. Ya kwako ikiwemo." Akaweka kalamu juu ya ukurasa, akageuka kuangalia nje, kama mtu anayemsitiri mwenzake anayevaa.

Nikaandika. Taa namba mia na kumi na nne, imerudi saa nane na dakika tano. Mwandiko wangu mzuri, wa siku zote. Mtu asinidanganye kwamba nililazimishwa. Hakunishika mkono.

Kikao kilifanyika kantini, asubuhi, meza zimesogezwa. Anatoli alivaa shati jeupe. Aliamini seva zake, maskini. Alisema, "Fungueni kumbukumbu za taa za siku ile. Nilizima vizuri, kila kitu kimo." Wakajibu kwamba mafundi walioitwa kutoka Mwanza wamezikuta kumbukumbu za siku ile hazisomeki. Hapo ndipo nilipomwona akibadilika rangi. Mtu aliyekaa katikati ya moshi kungoja seva imalize kuandika, anaambiwa hazisomeki.

Innocent alisema alishuka kukagua maji tu. Davis alisema alitoka na wenzake saa nane, vidole aliviumiza kwenye ngazi. Alisema akiangalia mkono wake uliofungwa bandeji, hakumtazama Anatoli. Abel akasema ndivyo. Nikasikia jina langu.

Anatoli mwenyewe ndiye aliyeomba kuniuliza. Alisimama, na nikajua hana wasiwasi, kwa sababu mimi nilikuwa ndani ya kontena naye. Mimi ndiye niliyesema ni ya Davis.

"Mama Mageni," aliniuliza kwa upole, "taa mia na kumi na nne ilirudi saa ngapi?"

Nikafungua daftari, nikasoma. Nilisoma kama mwanafunzi, kidole kwenye mstari. Saa nane na dakika tano.

Nilitegemea angenikaripia, angesema huyu mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mwulizeni miguu yake ilikuwa mitupu kwa nini. Hakusema. Alinitazama, akasema, "Asante," akaketi. Ile asante yake inaniuma kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Barua ya kumwachisha kazi ilitoka wiki hiyohiyo. Haikusema mwizi, ilisema kukiuka utaratibu wa dharura na kuhatarisha mali ya kampuni, na barua ya namna hiyo ukiipeleka kwenye mgodi mwingine hata mlinzi hakufungulii. Wadogo zake walirudi nyumbani kabla ya mtihani. Davis siku hizi ni mnyapara, ana pikipiki. Karatasi iko mlangoni palepale, taa za wachimbaji ziko kundi la kwanza. Mimi nilikaa miezi mitano zaidi, nikaacha. Kila mchimbaji aliyenyoosha mkono dirishani na kuniita mayu nilitamani nimpige kwa taa hiyohiyo.

Mwaka jana nilisikia kwamba Anatoli yuko Nkome, kule mwaloni mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga. Nikafunga safari. Nilimkuta anatengeneza simu kwenye kibanda cha mabati, kando ya vichanja vya kuanikia dagaa, nzi kila mahali. Amekonda. Loveness ndiye aliyenitambua kwanza, akainuka kwenye beseni lake la samaki, akaniamkia, akaniletea kigoda na maji ya kunywa. Hakuniuliza nimefuata nini. Ama hakuwa ameambiwa, ama aliambiwa na ndivyo alivyolelewa.

"Shikamoo, Mama Mageni," Anatoli alisema bila kuacha kazi yake.

"Marahaba, baba."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, tangu kwenye gari. Nilipofika nilisema moja tu, kwamba nilikosa, kwamba ningesema kweli siku ile angekuwa bado kazini.

Akatikisa kichwa. "Ningefuata karatasi ndipo ningekuwa kazini. Ningezima taa kwanza, dakika moja tu. Nisingekuuliza kitu."

"Na Davis je?"

Akaipuliza vumbi simu aliyokuwa ameishika, akaitazama ndani, kisha akanitazama mimi.

"Davis angekuwa amerudisha taa saa nane na dakika tano," alisema. "Si ndivyo ulivyoandika?"

Niliyanywa maji ya Loveness mpaka yakaisha, nikamrudishia kikombe chake, nikaaga.